Kukaba mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ulinzi kwenye Madden na gemu nyingine za futiboli ya Marekani

Ukurasa huu ni wa mtu anayejua kufunga lakini hajui kuzuia. Mimi niliingia kwenye Madden NFL (NFL ni ligi kuu ya futiboli ya Marekani) nilipohamia Texas, nikakuta wenzangu wa nyumba wanaicheza kila jioni. Kwa miezi mingi nilikuwa nafunga tachidauni nne (yaani kufikisha mpira eneo la kufungia) na bado napoteza. Siku hizi wadogo zangu na marafiki walioko Houston, Columbus, Nairobi na Dar wananiletea maswali yaleyale niliyokuwa najiuliza wakati ule, na karibu yote ni ya ulinzi. Nimeyakusanya hapa.

Maneno machache kabla hatujaanza: kwotabeki ndiye mrusha pasi. Lainibeka husimama nyuma ya safu ya mbele, katikati ya uwanja. Konabeki hulinda pembeni, na sefti ndio wawili wanaosimama nyuma kabisa.

Kila mpango ninaouchagua unavunjwa. Hakuna mpango mmoja usiovunjika?

Hakuna, na ukiendelea kuutafuta utaumaliza msimu bila kujifunza kitu. Uwanja una upana wa yadi 53 na futi moja, wewe una wachezaji 11. Lazima mahali fulani pabaki wazi, kwa hiyo kazi yako ni kuchagua pabaki wazi wapi.

Mimi huacha wazi pasi fupi. Mpinzani ana dauni nne, yaani majaribio manne, ya kupata yadi 10, na watu wengi wa mtandaoni hawana subira, wanataka yadi 40 kwa mpira mmoja. Mpe yadi nne, umwangushe hapohapo. Mpe tano, mwangushe tena. Ili afike mwisho itambidi afanye hivyo mara kumi na zaidi bila kukosea. Mara ya sita au ya saba uvumilivu unamwishia, anarusha mpira mrefu mahali penye watu wako wawili.

Hili limetokea hata kwenye uwanja wa kweli, tena kwenye fainali. Msimu wa 2013 Denver Broncos walifunga pointi 606, rekodi ya NFL. Walipokutana na Seattle Seahawks kwenye Super Bowl ya Februari 2014, Peyton Manning, kwotabeki wa Denver, alikamilisha pasi 34. Matokeo: Seattle 43, Denver 8. Seattle hawakuwa na uchawi wowote. Walicheza kava 3 (ulinzi wenye watu watatu nyuma, nitaueleza hapa chini) karibu mchezo mzima, sefti Earl Thomas akilinda nyuma katikati, na kila aliyepokea pasi fupi aliangushwa palepale alipoipokea. Pasi 34 zilizaa pointi nane. Ninapoona mtu analalamika kwamba mpinzani "anakamilisha kila pasi", swali langu la kwanza ni hili: anakamilisha kwa yadi ngapi?

Hizi namba za kava 1, 2, 3 na 4 zinamaanisha nini hasa?

Namba inakuambia wako wangapi wanaolinda nyuma kabisa. Ukishaelewa hesabu yake, huhitaji kukariri chochote.

Una wachezaji 11. Kwa kawaida wanne wanamshambulia kwotabeki, wanabaki saba wa kulinda pasi. Katika kava 2, wawili wanakwenda nyuma na kila mmoja analinda nusu ya uwanja, yaani karibu yadi 27 kwa upana. Watano wanabaki mbele, kwa hiyo pasi fupi ni ngumu sana. Lakini yadi 27 ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Mpira mrefu wa katikati, kati ya sefti wawili, unakuwa mlango wazi. Mwingine uko kwenye mstari wa pembeni, nyuma ya konabeki na mbele ya sefti.

Katika kava 3, watatu wako nyuma, kila mmoja na yadi 18 hivi, na wanne wako mbele. Hapa mpira mrefu wa katikati una mwenyewe. Udhaifu wake ni pembeni karibu na mstari wa kuanzia, na ule uchochoro kati ya mlinzi wa katikati na yule wa pembeni.

Kava 4 inaweka wanne nyuma, yadi 13 kila mmoja. Mpira mrefu unakuwa taabu kwa yeyote, ila mbele wamebaki watatu tu na pasi fupi ya pembeni ni ya bure.

Kava 1 ni mtu kwa mtu, yaani kila mlinzi anamfuata mpokeaji wake, na sefti mmoja nyuma. Kava 0 ni mtu kwa mtu bila yeyote nyuma. Mlinzi mmoja akipitwa kwenye kava 0, hakuna wa kumsaidia.

Kwa hiyo mpinzani akikuchoma na pasi fupi, panda kwenye kava yenye watu wengi mbele. Akikuchoma na mpira mrefu, ongeza watu nyuma.

Nichague mpangilio gani: 4-3, 3-4, nikeli au daimu?

Tazama wachezaji aliowaingiza mpinzani, kisha ujibu. 4-3 na 3-4 (namba ya kwanza ni watu wa safu ya mbele, ya pili ni lainibeka) zina walinzi wa pasi wanne na wachezaji wazito saba, zinafaa dhidi ya mtu anayekimbiza mpira. Nikeli ina walinzi wa pasi watano, daimu ina sita. Akiingiza wapokeaji watatu, mimi huenda nikeli. Wanne, daimu. Akiingiza wachezaji wawili wakubwa wanaozuia pembeni ya safu yake, narudi 4-3.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kukaa daimu gemu nzima kwa kuogopa pasi. Mpinzani mwenye akili atakukimbizia katikati yadi sita kila dauni, na hutakuwa na mtu mzito wa kumsimamisha.

Mtu kwa mtu au zoni?

Kwa anayejifunza, zoni, yaani kila mlinzi analinda eneo lake badala ya kumfuata mtu. Sababu kubwa ni macho. Mlinzi wa zoni anamtazama kwotabeki, anaona mpira ukitoka mkononi, anaona mtu akikimbia nao. Mlinzi wa mtu kwa mtu amempa kwotabeki mgongo kwa sababu anamfukuza mpokeaji wake. Kwotabeki akiamua kukimbia mwenyewe, hakuna anayemwona mpaka ameshapata yadi 15.

Mtu kwa mtu naitumia kwenye yadi chache za mwisho, na pale ninapohakikisha konabeki wangu ana kasi kuliko mpokeaji wake. Usimtegemee mlinzi mwenye kasi ndogo eti kwa sababu namba yake ya jumla ni kubwa. Fungua ukurasa wake utazame kasi, uharaka wa kuanza kukimbia, na uwezo wa kukaba mtu kwa mtu. Namba ya jumla huchanganya mambo mengi ambayo hayamsaidii akiwa anafukuzana na mtu.

Nimwendeshe mchezaji gani mimi mwenyewe?

Hili ndilo swali lililonibadilisha, kwa hiyo vumilia jibu refu.

Wanaoanza huendesha mtu wa safu ya mbele, kwa sababu ni rahisi na haiwezekani kuharibu sana. Ni sawa kwa wiki ya kwanza. Lakini kompyuta inawaendesha wale vizuri tu. Pale isipokuwa nzuri ni katikati ya uwanja, yadi tano hadi kumi na tano nyuma ya mstari, kwa sababu pale panahitaji mtu wa kuotea. Mwendeshe lainibeka wa katikati, na kama unaweza kumweka sefti mwenye kasi kwenye nafasi hiyo, bora zaidi.

Nikuoneshe. Kulikuwa na mwenzangu mmoja wa nyumba, kijana wa Kihonduras, mpango wake ulikuwa mmoja: mpokeaji wa kulia anakatisha kwenda kushoto, wa kushoto anakatisha kwenda kulia, wanapishana katikati wakiwa karibu kugusana. Ukicheza mtu kwa mtu, walinzi wako wanagongana pale wanapopishana, na mmoja wa wapokeaji anatoka peke yake. Alinifunga nao Jumamosi nzima. Nilikuwa namwendesha lainibeka, na kila mara nilimkimbilia mpokeaji wa kwanza kupita mbele yangu. Yeye akisubiri nusu sekunde, anampa wa pili.

Jioni ile niliacha kukimbia. Niliita kava 3, nikashika kitufe cha L2 cha PlayStation ili mchezaji wangu aende pembeni akiwa bado anamtazama kwotabeki, nikasimama yadi sita nyuma ya mstari. Wa kwanza alipopita sikumgusa, nilimwachia mlinzi wa zoni ya pembeni. Nilihesabu moja, nikapiga hatua mbili kushoto, mahali ambapo wa pili alikuwa bado hajafika. Mpira ukaja mikononi mwangu. Aliweka pedi mezani akanyamaza. Tangu siku ile sikumbuki kama aliniletea tena mpango ule kwenye dauni ya tatu.

Nililojifunza ni kwamba mtu unayemwendesha asimfukuze mpokeaji. Asimame kwenye njia ambayo kwotabeki ameshaipenda. Ukisimama hapo hata usipoinyakua pasi, umemlazimisha atafute jibu la pili, na wachezaji wengi wa mtandaoni jibu la pili hawana.

Nitajuaje anachokipenda?

Dauni ya tatu ndiyo inayomfichua. Dauni ya kwanza mtu anajaribu mambo, lakini ya tatu yenye yadi saba anarudi kwenye anachokiamini. Mimi huweka kalamu na karatasi kando. Ninaandika mpangilio wake na mahali pasi ilipokwenda, basi. Kufika robo ya pili karatasi ina mistari sita, na minne kati yake ni ileile.

Angalia pia upande. Wengi wanaorusha kwa mkono wa kulia hupenda kutoka nje kuelekea kulia na kurusha hukohuko. Ukikuta mtu wa namna hiyo, mwendeshe lainibeka wako ukiegemea upande ule kabla mpira haujatolewa.

Ananikimbizia mpira pembeni kila dauni na simshiki. Nifanye nini?

Mpira wa pembeni hauzuiwi kwa kumfukuza mkimbiaji kutoka nyuma. Unazuiwa na mtu wa mwisho pembeni anayekataa kuingia ndani. Yeye akisimama imara, mkimbiaji analazimika kukata kurudi katikati ambako wenzake wako. Akijiingiza ndani kwa pupa, njia yote ya nje imefunguka.

Kwa hiyo, kabla mpira haujatolewa, tanua safu yako ya mbele na wasogeze lainibeka upande wenye wazuiaji wengi. Hesabu: akiwa na wazuiaji wanne upande mmoja na wewe una watatu, umeshashindwa kabla ya kuanza, na ni lazima umlete sefti chini. Huyo sefti mwendeshe wewe. Usikimbie kwa kasi ya mwisho ukielekea alipo mkimbiaji. Elekea pale atakapokuwa baada ya hatua tatu.

Akikukimbizia katikati, fanya kinyume: banisha safu ya mbele iwe karibukaribu.

Kwotabeki wake anakimbia mwenyewe kila akikosa wa kumpa.

Kuna amri mbili. Ya kwanza inawaambia wachezaji wa mwisho wa safu ya mbele wasimruhusu kutoka nje. Itamfungia katikati, lakini wale wawili watapunguza kasi ya kumshambulia, kwa hiyo atapata muda zaidi wa kurusha. Ya pili inamweka mtu mmoja kumfuata kwotabeki kama kivuli. Mchague mwenye kasi. Kumpa kazi hiyo lainibeka mzito ni kumtupa mtu mmoja bure.

Dhidi ya watu wanaokimbia sana mimi hutumia ya kwanza pamoja na zoni, kisha mimi mwenyewe nakuwa kivuli kwa kumwendesha lainibeka wa katikati. Akitoka tu, nashuka. Akibaki, narudi kulinda katikati.

Je, blitsi ndiyo njia ya haraka ya kushinda?

Blitsi ni kuwatuma watu zaidi ya wale wanne wa kawaida kumshambulia kwotabeki. Ndiyo njia ya haraka ya kumaliza dauni, kwa heri au kwa shari. Ukiwatuma sita, wamebaki watano, na yeye ana watu watano wanaoruhusiwa kupokea pasi. Mmoja kwa mmoja kila mahali, nyuma hakuna mtu. Usipomfikia kwotabeki ndani ya sekunde mbili na nusu hivi, mtu mmoja atakuwa peke yake.

Siikatazi. Naitumia labda mara tano au sita kwa gemu, na daima baada ya kumzoesha sura nyingine. Ninamwonesha lainibeka wawili karibu na mstari kwa robo nzima bila kuwatuma. Anazoea. Halafu kwenye dauni ya tatu yenye yadi sita nawatuma, na yeye bado anasubiri njia ya mpokeaji ifunguke.

Kuna aina ya blitsi ninayoipenda kuliko zote, ile iliyotukuzwa na kocha Dick LeBeau kwenye timu ya Pittsburgh Steelers: mtu wa safu ya mbele anarudi nyuma kulinda zoni, na mahali pake anatokea lainibeka au mlinzi wa pembeni. Idadi ya wanaoshambulia haiongezeki sana, kwa hiyo nyuma bado una watu. Lakini kwotabeki anayeona lainibeka anakuja hurusha haraka mahali alipotoka, na pale sasa amesimama mtu wa kilo 120. Itafute kwenye kitabu chako cha mipango, karibu kila timu ina moja.

Mpira mrefu unanimaliza. Walinzi wangu wanapitwa moja kwa moja.

Kwanza angalia kama umewabanisha konabeki usoni mwa wapokeaji. Kubana kunasumbua njia fupi, lakini mpokeaji mwenye kasi akishampita anayembana, habari imekwisha. Warudishe nyuma.

Kama wanaopitwa ni walinzi wa kava 3, mpinzani anatuma wapokeaji wanne wote moja kwa moja mbele. Wanne dhidi ya watatu, hesabu inamlipa. Nenda kava 4, au baki kava 3 na umwendeshe lainibeka wako arudi nyuma na mpokeaji wa ndani kwenye ule uchochoro. Pia kuna marekebisho ya kuwaambia walinzi wakabe kutokea juu, yaani wasikubali mpokeaji apite nyuma yao. Ukiwa mbele kwa pointi, acha marekebisho hayo yawashwe muda wote.

Matoleo ya karibuni ya Madden yanakuruhusu pia kuweka idadi ya yadi ambazo walinzi wa zoni za mbele watarudi. Wengi hawaigusi kamwe. Mtu akikuua na pasi za yadi 12 pembeni, warudishe walinzi wa pembeni hadi pale, utamwona anaanza kuhangaika.

Mpira uko hewani, nabadilisha mchezaji, halafu anakimbilia upande usio wake.

Hilo linatokea kwa sababu kidole chako bado kimesukuma kijiti upande wa yule mchezaji wa kwanza. Unapobadilisha, wa pili anarithi mwelekeo huo. Achia kijiti kwanza, badilisha, kisha sukuma. Ni kitu cha sehemu ndogo ya sekunde, lakini kimenipa pasi za kunyakua kuliko ujanja mwingine wowote.

Kwenye PlayStation, pembetatu ni ya kunyakua, mraba ni wa kuipiga pasi ianguke. Nyakua unapokuwa mbele ya mpokeaji au sambamba naye. Ukiwa nyuma yake, piga. Na kwenye dauni ya nne, mpira mrefu, piga daima. Ukiuacha uanguke unauchukua pale walipoanzia. Ukiunyakua yadi 40 mbele, umejipa safari ndefu zaidi bila sababu.

Nakosa kuwaangusha watu. Napiga kwa nguvu wananiponyoka.

Acha kijiti cha kulia. Kile kipigo kikubwa ni kwa ajili ya mtu anayekujia uso kwa uso na hana pa kwenda. Pembeni au kwa nyuma, mkaribie, punguza mwendo hatua ya mwisho, acha mchezaji amshike mwenyewe. Kwenye marekebisho ya kocha chagua kuangusha kwa tahadhari. Kujaribu kupokonya mpira kila mara huongeza hatari ya kuponyokwa na hata ya penalti.

Zile nguvu maalumu za nyota zinazuiwaje?

Madden NFL 20, iliyotoka 2019, ndiyo iliyoleta nguvu za aina hii kwa nyota wachache. Kubwa zaidi huwaka baada ya mchezaji kufanya jambo fulani, na huzimika akishindwa. Kabla ya kuanza, fungua orodha ya mpinzani usome nani ana nini na inawakaje. Kwotabeki mara nyingi huipoteza akilazwa chini na mpira mkononi, na hiyo ni sababu nzuri ya kutumia moja ya blitsi zako chache. Mpokeaji nyota mwekee walinzi wawili.

Amefika ndani ya yadi 20. Nibadilishe nini?

Karibu kila kitu. Eneo la kufungia lina kina cha yadi 10. Akiwa kwenye yadi ya 10, uwanja wote uliobaki ni yadi 20, kwa hiyo mtu unayemwacha nyuma kabisa analinda hewa. Kava 3 inakuwa na watu watatu wasio na kazi. Mimi huenda mtu kwa mtu na kubana, au kava 2 yenye watano mbele, na mtu ninayemwendesha namweka katikati kwenye mstari wa goli kwa sababu njia ya kukata ndani ndiyo ya kwanza watu wanayoikimbilia.

Na kumbuka teke la pointi tatu si janga. Mtu akitembea yadi 70 akaishia na pointi 3, ulinzi wako umefanya kazi yake.

Dakika mbili za mwisho, naongoza kwa pointi nne. Nikae nyuma tu?

Kaa nyuma, lakini ziba pembeni. Saa ndiyo mlinzi wako wa kumi na mbili. Akipokea katikati na kuangushwa uwanjani, saa inaendelea au anatumia mapumziko yake, na ana matatu tu kwa nusu ya mchezo. Akitoka nje ya mstari, saa inasimama bure. Kwa hiyo mwambie konabeki wako akabe kutokea nje, umpe katikati.

Kosa la kawaida hapa ni kurudi nyuma kupita kiasi, mtu anapata yadi 20 kila mara. Wanne wa kushambulia wabaki wanne.

Anaharakisha dauni baada ya dauni, sipati muda wa kuchagua.

Anafanya hivyo ili ubaki kwenye mpango uleule. Jifunze marekebisho mawili tu unayoweza kuyafanya bila kutazama pedi: kugeuza kava, na kumsogeza mtu unayemwendesha. Mawili yanatosha.

Kwenye gemu ya vyuo vikuu mbinu hizi zinafaa?

EA Sports College Football 25 ilipotoka Julai 2024, watu wa Madden waliingia na ulinzi wao wakashangaa pembeni panavuja. Sababu iko kwenye alama za uwanja. NFL, mpira huanzia karibu na katikati, hivyo pande zote mbili ni karibu sawa. Vyuoni alama ziko mbali na katikati: mpira ukianzia kwenye alama ya kushoto, upande wa kushoto umebaki na yadi 20, wa kulia una yadi 33. Mtu unayemwendesha asimame akiegemea upande mpana. Konabeki wako bora pia aende huko. Upande mwembamba mstari wa pembeni utakusaidia kukaba.

Niko Nairobi (au Dar, au Kampala), mtandao unasuasua nikicheza na mtu wa Marekani. Nawezaje kukaba?

Umbali hauepukiki. Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 12,000, na mwanga ndani ya waya husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kwenda na kurudi ni milisekunde 120 hata kama waya ungenyooka, na haunyooki. Kwa hiyo usijenge ulinzi wako juu ya haraka ya kidole.

Cheza zoni. Simama mapema mahali unapotaka kuwa, kabla mpira haujarushwa, kuliko kuruka baada ya kuuona. Usiruke kuotea pasi ndefu. Mwache mlinzi wa kompyuta aicheze, wewe uje kumwangusha. Unganisha mashine yako kwa waya moja kwa moja, usitegemee mawimbi ya sebuleni wakati wengine nyumbani wanatazama video. Na mkiwa wawili au watatu mtaani wenye gemu, chezeni ninyi kwa ninyi. Mdogo wangu wa Nairobi amejifunza zaidi kwa kucheza na jirani yake kuliko kwa mwaka mzima wa kugandishwa na watu wa mbali.

Nafanyaje mazoezi ya ulinzi?

Ingia kwenye hali ya mazoezi, chagua kulinda, kisha mpe kompyuta mpango uleule uliokuumiza jana. Urudie mara 20. Mara tano za kwanza usijaribu kunyakua kitu, tazama tu nani anatokea wazi na sekunde ya ngapi. Baada ya hapo mwendeshe lainibeka wako asimame kwenye njia hiyo. Halafu badilisha kava, urudie.

Malcolm Butler wa New England Patriots aliunyakua mpira wa Russell Wilson, kwotabeki wa Seattle, kwenye mstari wa goli, sekunde chache kabla ya mwisho wa Super Bowl ya Februari 2015, timu yake ikiongoza 28 kwa 24. Baadaye alisimulia kwamba mazoezini, siku chache kabla ya mchezo, alikuwa amefungwa na mpango uleule kwa sababu alichelewa kuingia ndani. Usiku wa fainali aliona wapokeaji wawili wamepangwa vilevile, hakungoja. Ile hatua ya kwanza aliyoipiga itazame polepole kabla ya kuanza mazoezi yako: anaondoka karibu pamoja na mkono wa kwotabeki, akielekea mahali ambapo bado hakuna mtu.